Niliporudi Bombay na Dada Yangu

Nyinyi vijana mnaowapeleka wagonjwa India siku hizi mmeniomba nikuandikieni namna sisi tulivyokuwa tukiifanya kazi hii. Mwenzenu mmoja alinifuata mpaka gereji ya mpwa wangu kule mtaa wa Ghala, mimi nimekaa nangojea gari ibadilishwe oili, akanambia, "Ami, tuandikie, tupate faida." Nikaona raha, nikenda nyumbani nikaandika kurasa za kujisifu tupu. Nilipozisoma asubuhi nilizichana. Haya mliyonayo ni ya mara ya pili, na yamenitoa jasho, kwa hiyo nistahamilieni.

Kazi yangu ilikuwa kufuatana na wagonjwa. Mtu akiumwa hapa Muscat na jamaa zake wakataka akatibiwe Bombay, nao hawajui lugha wala njia, ofisi moja ndogo ya Ruwi ilikuwa ikiniita mimi. Nampokea mgonjwa uwanja wa ndege, napanda naye, namfikisha hospitali, nakaa naye kwa daktari nikimfasiria, mpaka siku ya kumrudisha kwao. Kihindi nilikiokota huko huko, kwa wauza chai, madereva wa teksi na manesi. Kiingereza changu ni cha uwanja wa ndege, hakivuki lango. Kiarabu na Kiswahili ni vya nyumbani, maana sisi ni katika wale wa Unguja tuliorudi Oman, na wengi wa wagonjwa wangu walikuwa wazee wa namna yetu, wanaoumwa kwa Kiswahili hata kama wanasema Kiarabu.

Nianze na ya kufaa, kabla hamjachoka na mimi. Kaeni ubavuni kwa mgonjwa, msikae ubavuni kwa daktari. Mgonjwa akikuuliza jambo moja mara tatu, basi silo analotaka kulijua, mtafutieni la pili. Chukueni chupa ya kahawa na tende hata kama ndege inatoa chakula. Na ukifika wodini, wa kwanza kumpa salamu awe aya, yule mwanamke anayebadilisha mashuka, kwa sababu daktari anajua ugonjwa lakini aya anajua nani kalala na nani kalia.

Jengine ni kibla. Bombay kibla iko upande wa bahari, na mimi siku zangu za mwanzo nililishika hilo kama nilivyoambiwa. Hakuna aliyenambia kwamba mji ule una bahari kulia na kushoto. Nikamwelekeza mzee mmoja wa Nizwa kwenye bahari nisiyoijua, na maskini akasali siku zake zote akilielekea jiko la hospitali. Aliniuliza kwa nini kila akileta takbiri inamjia harufu ya vitunguu. Nilimwambia Bombay yote inanuka vitunguu.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Mzee Khalfan, mwanamume mnene, mwenye kucheka mpaka akakaa chini. Kwa kisa hicho cha kibla alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanambia Mungu anapokea nia, lakini nikanunue dira. Ndiye aliyenifundisha na ile kanuni kubwa ya kazi yetu. Alikuwa akisema, "Neno la daktari dawa kali. Usimmiminie mtu kavu kavu. Litie maji."

Na nyinyi mnajua kwetu mambo yalivyo. Mgonjwa haambiwi. Kabla hatujapanda ndege mtoto mkubwa ananivuta pembeni, "Baba asijue," au "Mama asiambiwe, atavunjika moyo." Basi daktari akisema uvimbe mbaya, mimi nasema ni kidonda kinachotaka muda. Akisema hatuna la kufanya, mimi nasema anataka urudi nyumbani upumzike, ukipata nguvu utaitwa. Jamaa walinishukuru, waliniletea halwa. Pale ofisini nilikuwa na jina. Wakiona ugonjwa ni mzito husema, mpeni Hamed, huyo ana ulimi wa asali. Nililipenda jina hilo, sikufichini.

Nilipostaafu nilidhani nimeshamaliza na Bombay. Kisha akaumwa Da Zuwena.

Da Zuwena ni dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni mama yetu alipokuwa hana nguvu. Mimi nililetwa Muscat mdogo na ami yetu. Yeye alibaki Unguja mpaka alipoolewa, akaja baadaye na mumewe. Sasa ni mjane, anakaa Al Ansab na Prossy, binti wa Kiganda anayemwangalia. Pumzi zilianza kumwisha akitoka chumbani kwenda jikoni. Madaktari wa hapa wakasema ni mlango wa moyo, na watoto wake wakataka Bombay.

Tulikutana Qurum, kwa mwanawe mkubwa, Talib. Yeye mwenyewe Da Zuwena hakuitwa. Talib akanikabidhi jambo zima pale pale sebuleni.

"Mjomba, hii kazi yako. Mama apasuliwe, apone. Lakini asielezwe hatari, maana akielezwa atakataa."

"Hataelezwa," nikasema.

Sikufikiri hata kidogo. Na nikwambieni ukweli, sikuwa nikimtii Talib tu. Nilikuwa naogopa kubaki duniani bila ya dada yangu.

Tukenda wakati wa mvua, wakati ule ule ambao zamani familia za huku zilikuwa zikenda Bombay kuitazama mvua tu na kurudi. Njiani kwenye ndege nilimsomesha Da Zuwena mji mzima: utaona hivi, utakula pale, fulani atatupokea. Alinisikiliza kwa adabu.

Hakuna hata kimoja nilichomwambia kilichokuwepo. Uwanja wa ndege nilioujua mimi ulikuwa na milango miwili na mbu. Huu ulikuwa na mazulia na kuta za vioo, na nilimzungusha dada yangu kwenye kiti cha magurudumu mpaka mfagiaji akaja kutuonesha pa kutokea. Nje nilipunga mkono kuita teksi, nikapunga mpaka bega likauma, teksi zote zikapita na watu waliokwisha kuziita kwa simu. Barabara imepandishwa juu ya bahari. Treni imeshushwa chini ya ardhi. Ile nyumba ya wageni tuliyokuwa tukishukia, ambayo mwenyewe alikuwa akitupokea kwa jina, chini yake sasa kuna duka la simu na juu kuna chuo cha kompyuta. Vibao vya Kiarabu vya kukodisha vyumba vimebaki viwili vitatu, rangi zimevitoka, na wale vijana waliokuwa wakitukimbilia na Kiarabu chao cha kuchekesha sikuwaona. Nilisimama mvuani na begi langu nikajiona mjinga.

Tulikimbilia kwenye banda la chai. Nikatoa bahasha ya rupia niliyoiweka tangu siku za kazi, nikachomoa noti moja kwa madaha. Muuza chai akaigeuza huku na huku, akamwita jirani yake aje aione. Noti zile, kumbe, serikali yao ilishazifuta zamani, na kila mtu pale alikuwa akilipa kwa kuelekeza simu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. "Mzee," akanambia kwa Kihindi, "na bibi naye ni wa wakati wa noti hizi? Kaeni, kunyweni, chai ni juu yangu." Da Zuwena akacheka kabla sijamfasiria. Nilidhani anaucheka uso wangu.

Kisha akautoa mkono wake nje ya banda, mvua ikaupiga mpaka kwenye kiwiko. "Mvua ya kwetu hii," akasema. "Miaka mingapi sijaisikia ikipiga bati."

Daktari alikuwa mwanamke, kijana, mtu wa umri wa mwanangu. Madaktari wangu wa zamani, waliokuwa wakinipigapiga mgongoni na kunipa chai, wengine wamekufa na wengine wamestaafu. Huyu akaanza kwa Kiingereza. Mimi, kwa kutaka kuonesha kwamba si mgeni, nikamwambia aseme Kihindi, ndiyo lugha yangu ya kazi. Akakubali. Lakini alikuwa na tabia iliyoniudhi: anaposema hanitazami mimi, anamtazama Da Zuwena.

"Mlango mmoja wa moyo wake umekakamaa," akasema. "Kuubadilisha kwa kupitia mshipani, mishipa yake haikubali. Tunaweza kumpasua kifua. Kwa umri wake na mapafu yake, huenda asiamke mezani. Au tumpe dawa, arudi kwake, aishi kwa kadiri moyo utakavyomchukua, na haitakuwa muda mrefu. Njia zote mbili ni za halali, na mimi simchagulii. Muulize yeye anataka ipi."

Nikamgeukia dada yangu, nikalegeza uso kama nilivyozoea.

"Anasema mlango wa moyo umeshika kutu kidogo. Wataufanyia usafi, kisha utapanda ngazi kama msichana. Anakuuliza uko tayari?"

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo."

Akanitazama. "Haya. Weye ndiye mkalimani."

Nikamgeukia daktari. "Anasema mpasueni."

"Una hakika ameelewa?"

"Nina hakika," nikasema, na nikaona nimeifanya kazi vizuri. Jioni nilimpigia simu Talib, naye akamshukuru Mungu kisha akanishukuru mimi.

Wakamlaza. Asubuhi moja nikatoka nilikofikia na chupa ya chai ya tangawizi, maana chai ya hospitali haina ladha. Nilipofika kwenye mlango wa wodi nikasikia mazungumzo, nikasimama nisije nikamkuta hajajistiri. Aya, mama mmoja aitwaye Sunanda, alikuwa akimchana nywele. Wanazungumza Kihindi, na mmoja wa wazungumzaji alikuwa dada yangu.

Si Kihindi cha kuokota. Kilikuwa kizuri kuliko changu, kimejaa heshima, Kihindi cha wafalme na malkia katika filamu za kale, na Sunanda alikuwa akimwitikia kwa adabu kama anazungumza na mama mkwe.

"Na nduguyo hakwambii kitu?" Sunanda akauliza.

"Ananidanganya maskini. Anaogopa nitakufa. Usimwoneshe kwamba najua, ataona haya."

Chupa ya chai ilikuwa ya moto mkononi mwangu na sikuweza kuibadilisha mkono. Ningetaka ardhi ipasuke. Aya ndiye aliyeniona mwanzo, akasimama, akachukua kitana chake akatoka bila ya kunitazama.

Wanangu, mtaniuliza, mtu anakosaje kujua kwamba dada yake anajua Kihindi? Na mimi nimejiuliza. Nilijua kwamba alipokuwa msichana Unguja alikuwa haikosi sinema ya wanawake, siku yao maalumu, buibui mpaka mlangoni na baada ya hapo vilio na nyimbo. Nilijua majirani wa ukutani walikuwa Wahindi, na kwamba kushona alifundishwa na mama wa nyumba ile. Yote nilikuwa nikiyajua. Lakini Kihindi, kwangu mimi, kilikuwa ni cha hospitali na teksi, cha mwanamume mwenye safari. Kile alichojifunza mwanamke amekaa kitako sikukihesabu kuwa ni Kihindi.

Hata Al Ansab nilikuwa nikimkuta alasiri yeye na Prossy mbele ya tamthilia za Kihindi, Da Zuwena akimhadithia msichana mstari kwa mstari. Siku moja nilimtania Prossy nikamwambia asimwamini bibi, anatunga.

"Hatungi, Baba," Prossy akanijibu. "Alisema huyu mkwe ataiba hati ya nyumba, na kesho yake ikakuwa vile alisema."

Nilicheka. Mkalimani wa familia alikuwa mbele yangu anafanya kazi, nami nikacheka.

Niliingia wodini nikakaa. Da Zuwena akanimiminia chai yangu mwenyewe.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia. Da Zuwena, kwa nini hukunambia pale pale kwa daktari?"

"Nikukatize mbele ya mtu, uso wako ungeuweka wapi? Weye mtu na jina lako huku." Akapuliza chai. "Tena nilitaka nione utafika wapi. Nikasema, hatanimaliza, atasimama mahali. Hukusimama."

Nikamwambia ni watoto. Nikamwambia ni Talib. Nikamwambia kwamba ndivyo tunavyofanya, ndivyo alivyonifundisha Mzee Khalfan, ni huruma. Nilisema mengi, na kila nililolisema lilizidi kuniaibisha. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Kumwonea mtu huruma si vibaya," akasema. "Lakini weye ulinisemea. Ulimwambia mpasueni. Mimi nilisema mpasueni?"

"Hukusema."

"Basi nnataka kwenda tena kwa yule daktari mtoto. Na utanifasiria weye."

"Unakijua Kihindi, dada. Zungumza naye mwenyewe."

"Kwa Kihindi nimeshayasikia. Sasa nnataka kuyasikia kwa ndugu yangu."

Daktari alitupokea mchana ule ule. Nilimwomba ayarudie yale aliyoyasema mwanzo. Alinitazama, nadhani alifahamu, akayarudia taratibu, sentensi moja moja, akiniachia nafasi.

Mimi nimewafasiria watu wa Sur, wa Nizwa, wa Salala, wa Unguja na wa Pemba. Nimefasiri nikiwa na homa, nimefasiri nikiwa nimefunga. Pale mdomo ulikataa. Daktari alisema "huenda asiamke mezani," akanyamaza, wakanisubiri wote wawili, na mimi natafuta neno la kutia maji na kila neno dada yangu analijua. Mwisho nikalisema kama lilivyo. "Anasema ukipasuliwa huenda usiamke." Nikasema na la pili. "Na usipopasuliwa, si muda mrefu." Da Zuwena alikuwa akiitikia kwa kichwa kila sentensi, kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi akisoma, na machozi yalinitoka mbele ya daktari yule kijana na sikuwa na hata leso.

"Sasa mwambie," akasema. "Mwambie nnataka kurudi nyumbani kwangu. Anipe dawa zake. Sitaki kupasuliwa."

Na hapa ndipo penye aibu kubwa kuliko zote, na nimeona nikiificha hii basi hayo mengine yote nimeandika bure. Hata hapo, baada ya yote, nilikuwa na sekunde ya kufikiri. Nilifikiri, daktari hajui Kiswahili. Nikapanga hadi maneno: anasema anaogopa lakini amekubali. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nilisahau kabisa kwamba anayenisikiliza atalisikia, kwa sababu kwa miaka yote ile mgonjwa hakuwa mtu wa kusikia. Nilipoinua macho nikamwona ananitazama mdomo.

"Anasema anataka kurudi nyumbani," nikamwambia daktari. "Hataki kupasuliwa."

"Vizuri," daktari akasema, akamshika dada yangu mkono. Kisha Da Zuwena akamshukuru kwa Kihindi chake cha malkia, na yule mtoto alishtuka mpaka kiti kikarudi nyuma.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini kungoja dawa. Nje mvua imeshika kasi, watu wanaingia wamelowa. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua nianze wapi. Akaanza yeye.

"Hamed."

"Labeka."

"Wale wengine uliokuwa ukiwaleta huku. Walipokufa, wangapi walikuwa wakidhani wanapona?"

Nilianza kuwahesabu. Kulikuwa na kijana mmoja wa Barka aliyenunua viatu vya harusi. Kulikuwa na mama aliyeniambia hatoandika wasia, kwani mimi nimemwambia kidonda kinataka muda tu. Waliondoka wakiniombea dua.

Tumerudi Muscat. Talib alinipokea uwanja wa ndege kwa mkono wa mbali, na ndugu zake wanasema mjomba alipelekwa kufanya kazi moja tu ikamshinda. Sijajitetea. Da Zuwena yupo Al Ansab, anavimba miguu, pumzi zake fupi, na tamthilia yake haimpiti. Ameandika wasia wake, amegawa dhahabu zake kwa mkono wake, amewapigia simu wote aliotaka wamwie radhi. Mimi nakwenda kila alasiri, na Prossy ananiwekea kiti.

Mnanitaka nikufundisheni kazi. Ya kibla nimekwambieni, na ya chupa ya kahawa. Zaidi ya hapo ningekuwa najifanya, kwa sababu swali la dada yangu bado sina jawabu lake. Jana ameniuliza tena, taratibu, tamthilia ilipokatika kwa matangazo. Prossy akapunguza sauti ya televisheni ili anisikie nitasemaje.